Mwalimu wa Kitenzi Kimoja

Sijui alizaliwa wapi, na hata ningejua nisingeanzia hapo, kwa sababu yeye mwenyewe alimkatiza kila mtu aliyeanza hadithi na kuzaliwa kwake. "Fika kwenye leo," alikuwa akisema. Basi nafika kwenye leo. Mimi ni kijana ninayechapa maandishi na kutoa fotokopi karibu na soko la Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada. Na kwa msimu mzima wa mawese nilitaka kitu kimoja tu: sentensi yangu ikubaliwe na mwanamke mmoja, ibaki kwenye ukuta wa banda la kukamulia mafuta. Aya hii nimeiandika upya mara nyingi mno, na bado naona kuna neno linaloning'inia.

Tulimwita Mwalimu, hivyo tu. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania pamoja na wale waliokaa ukimbizini miaka mingi, na alirudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Sokoni alisema "tafadhali" na "samahani", na wauza nyanya waliacha kazi wakamwangalia. Mama Sabuni, mwanamke wa kutoka Kivu ya Kusini anayepika sabuni kwa mawese na kuiuza kwa vipande, ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wanakifikiria: "Uyu Mutanzania anaomba nyanya kama mutu anaomba ubatizo." Mwalimu alimsikia. Alimwendea, akamwuliza kama angependa kujifunza Kiingereza. Mama Sabuni alidhani ni adhabu, akakubali kwa hofu.

Darasa lilikuwa banda la kukamulia mawese, upande wa kwenda Kigwena, na hapa lazima nieleze kazi ya banda lile, maana bila kazi ile Mwalimu haeleweki. Katikati ya banda kumesimikwa presi ya chuma yenye mpini mrefu wa mti. Chikichi zilizochemshwa na kupondwa zinatiwa ndani, kisha watu wanausukuma mpini wakizunguka, kama ng'ombe wasio na nira, na mafuta mekundu yanachuruzika kwenye pipa. Patroni, mwenye banda, aliwaruhusu wanafunzi wakae pale alasiri, na wao wakamsaidia kusukuma. Mwalimu aliugeuza mpango huo kuwa somo. Unashika mpini, unazunguka ukifikiria. Ukifika mbele ya ukuta uliopakwa chokaa na sentensi iko tayari kichwani, unauachia mpini, mwenzako anashika, wewe unapewa kipande cha mkaa na unaandika. Kama sentensi haiko tayari, unazunguka tena.

Patroni alinipenda sana. Hakuna mwanafunzi aliyekamua mafuta kama mimi.

Mkaa ulitoka kwenye mifuko ya koti la Mwalimu. Lilikuwa koti la kiume, la kijivu, lililolegea mabegani, na alilivaa hata siku ambazo chuma cha presi kilikuwa hakishikiki kwa joto. Mifuko yote ilikuwa na vipande vya mkaa, kwa hiyo vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote. Jumapili kanisani, akipeana mkono wa amani, aliacha alama kwenye mikono ya watu safi. Mama yangu alirudi nyumbani siku moja akiangalia kiganja chake kama mtu aliyesomewa bahati yake. Wala Mwalimu hakuwa mtu wa kuketi. Alifundisha amesimama, alikula amesimama, tena akimenya tangawizi mbichi kwa kucha. Ukimkaribisha kiti alishukuru, murakoze, akakiegemea kwa mkono mmoja, akabaki amesimama.

Na kwa msimu mzima alifundisha kitenzi kimoja. Nilipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa, nimerudia nyakati zote, hata zile ambazo nashuku Waingereza wenyewe wamezisahau. Ukutani niliona neno moja limejirudia kila mahali: get. Get hapa, get pale. Nilidhani nimeingia darasa la watoto.

Alinieleza bila kunitazama, huku akimwangalia mtu aliyekuwa kwenye mpini. Kambini, alisema, walikuja watu wa misaada, na kabla hajajua neno lolote la lugha yao alikuwa ameshalisikia hilo kila upande. Get in line, pangeni mstari. Get down, shukeni. Get up, amkeni. She got sick, she got married, they got water: huyu ameugua, yule ameolewa, wale wamepata maji. "Nikajiuliza, hawa watu wana neno moja tu? Kiswahili kina 'pata', lakini huwezi kukasirika kwa 'pata', huwezi kushuka kwenye gari kwa 'pata', huwezi kuzeeka nalo. Hiki chao ni kama kijana mzuri wa kutumwa. Hakikatai kazi." Alisema mtu anayejua kukitumia kitenzi hicho kimoja katika mambo yake mwenyewe anaweza kuishi. Mtu anayejua vitenzi elfu katika mambo ya watu wengine atakufa kiu na kisima kiko nyumbani kwake. Niliona ananilenga. Nilikuwa sijamwambia bado hata jina langu.

Kisha aliniuliza nani alinifundisha. Nikasema, kwa ile sauti ninayoitunza kwa ajili ya jibu hilo, kwamba nimejifunza mwenyewe.

"Pole," alisema. "Mwalimu wako alikuwa mkali."

Watu walicheka, nami nikakaa juu ya pipa tupu lililopinduliwa, siyo kwenye benchi la wanafunzi. Nilikuwa nimeamua kwamba mimi ni mgeni pale. Nakuja kuangalia tu. Dukani kwangu nilikuwa nimebandika karatasi inayosema natafsiri Kiingereza, na kwa kila mteja nilitafuta nafasi ya kutaja kwamba sikufundishwa na mtu. Mteja wa fotokopi ya kitambulisho hakuwa na haja ya kujua hilo, lakini alijua kabla hajaondoka. Basi nilikaa kwenye pipa msimu wote, na pipa lile lilinichapa suruali duara la mafuta ambalo mama yangu aliniuliza habari zake kila Jumamosi.

Sasa nifike kwenye swali lake. Ukishaandika ukutani, Mwalimu alikuja, akasoma kwa sauti polepole, akakugeukia. Hakusema ni sahihi au si sahihi. Aliuliza, "Ni kweli?" Kama ni kweli, yaani jambo hilo limekutokea wewe, au limemtokea mtu unayeweza kumwonyesha kwa kidole, sentensi ilibaki mpaka chokaa ya msimu mwingine. Kama si kweli, ulichukua konzi ya makapi ya chikichi yenye unyevu ukafuta mwenyewe. Palibaki doa la njano. Ukuta ule ulikuwa na sentensi nyeusi za watu na madoa ya njano ya kwangu.

Za wengine nazikumbuka zote. Mvuvi wa mukeke, jirani yangu wa mlango kwa mlango, aliandika: My wife get angry when I get no fish. Mke wangu hukasirika nikikosa samaki. Mama Sabuni aliandika: Soap get small, I get clean. Sabuni inaisha, mimi natakata. Patroni mwenyewe, ambaye hakuwa mwanafunzi, alikuja siku moja akaandika I get oil, akaondoka akifuta mikono, kama mtu aliyemaliza maisha yake yote kwa sentensi moja. Halafu kulikuwa na ile nyingine ya Mama Sabuni, iliyoandikwa chini kabisa karibu na sakafu, pengine alitaka isionekane: I get old in Rumonge. Ninazeekea Rumonge. Mwalimu aliinama kuisoma, akakaa ameinama kidogo. Ile hakuiulizia.

Yangu ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko ukuta. Nilizunguka na presi mpaka mafuta yakapungua ndipo nikaandika: Had the minister got the report in time, the crisis would have been averted. Kama waziri angepata ripoti mapema, balaa lingeepukwa. Nilijivunia mkato wake. Niliurudia mkato ule kwa mkaa ili ukolee.

"Waziri gani?" Mwalimu aliuliza.

"Yeyote."

"Na balaa lipi?"

Nikasema balaa si muhimu.

"Ni kweli?"

Nikamweleza kwamba imejengwa sawasawa. Akasema sicho alichouliza. Mama Sabuni, aliyekuwa kwenye mpini, akajibu kwa niaba yangu bila kusimama: "Uyu waziri iko anaishi mu diksioneri." Kuanzia alasiri ile jina langu likawa Diksioneri, yaani kamusi. Mpaka leo watoto wa mtaani wananisalimia hivyo, "Amahoro, Diksioneri," na mimi naitika.

Nilijifunza, au nilidhani nimejifunza. Nilikuja na sentensi yangu mwenyewe, inayonihusu: I get up at five every morning to study. Naamka saa kumi na moja kila alfajiri kusoma. Mwalimu aliniuliza kama ni kweli na nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Yule mvuvi akainua mkono kwa heshima kama yuko shuleni. "Mwalimu, mimi nikitoka ku ziwa jua iko juu. Napita ku mulango yake. Iko imefungwa, na ndani mutu anakoroma." Nikachukua makapi mwenyewe, sikungoja kuambiwa.

Nadhani ni kwa sababu hiyo nilimkosoa yule mvuvi siku iliyofuata. Nilichukua mkaa nikaongeza herufi iliyokosekana kwenye sentensi yake, ile ya mke. Mvuvi akauliza, "Umeongeza nini kwa muke wangu?" Banda zima lilisimama, mpini pia. Mwalimu aliifuta herufi yangu kwa kidole gumba. "Mke ni wake," alisema. "Akitaka herufi atakuomba." Niliona haya kiasi kwamba nilikwenda kuzunguka na presi bila kuombwa sentensi.

Ungedhani basi kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa kweli tupu. Hapana. Kwa mdomo alidanganya kwa wepesi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Ukimpa mchuzi ulioungua aliusifu hadi ukapika tena. Alimwambia mama yangu kwamba mimi ndiye mwanafunzi anayemtegemea. Mama yangu akafurahi wiki nzima, na mimi nikakosa usingizi nikijaribu kuamua kama alikuwa anadanganya. Umri wake ulibadilika kufuatana na anayeuliza. Nilipomwuliza inakuwaje, alisema uongo wa mdomoni ni mto wa kuegemeza mtu, lakini ukiuandika utamkuta mtu usiyemjua, na huyo hutakuwepo kumwomba radhi.

Kulikuwa na jambo nyuma ya hayo, na alilisema mara moja tu. Mwanafunzi mmoja aliandika sentensi ya kawaida kabisa, I get home at six, nafika nyumbani jioni. Mwalimu alisoma, halafu hakuuliza kitu. Alisema siku ya kurudi kutoka Tanzania walipewa karatasi yenye maandishi ya Kiingereza, na aliyejua kusoma kwenye basi lile alikuwa yeye. Iliandikwa kwamba wote watafika nyumbani siku hiyo. Karatasi ilitumia kitenzi hicho hicho. Aliwasomea kwa sauti, akatafsiri, watu wakaimba. Walipofika, kwenye shamba la kaka yake palikuwa na watu wengine wanaolima, wenye watoto, na watoto wale walikuwa wamezaliwa hapo. "Niliwasomea uongo kwa lugha nzuri," alisema. Kisha alimgeukia yule mwanafunzi aliyekuwa ameganda na mkaa mkononi. "Wewe je, unafika?" Akasema anafika. "Basi iache."

Jambo la mwisho la kumchora ni la Jumapili. Alikuwa na binti aliyechukuliwa kutoka kambini kwenda kuishi nchi ya mbali yenye baridi, na mtoto mchanga mgongoni. Yule mtoto sasa ni msichana mkubwa na anajua Kiingereza tu. Baada ya ibada Mwalimu alisimama nyuma ya kanisa na simu yake, akimwandikia kwa kidole kimoja cheusi, mkono wa pili umefunika kioo. Nilipopita alikifunika zaidi. Nilifikiri anaona aibu ya makosa, na Mungu anisamehe, nilifarijika. Nilisema moyoni, kumbe hata yeye.

Goti lake lilianza kuvimba kuelekea mwisho wa msimu. Alisema atahamia Kabonga kwa binti wa dada yake, kule karibu na mpaka, patroni akishapaka ukuta chokaa mpya. Tukauliza darasa litabaki na nani. "Na mtu mwenye sentensi ukutani," alisema. Hakumtaja mtu. Lakini mimi nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba darasa litakuwa langu, mama alikuwa ameliambia kanisa, na kiongozi wa kwaya alikuwa amenishika bega akinipongeza. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiingereza mahali pote Rumonge, isipokuwa ndani ya banda lenyewe.

Siku ya chokaa nilishika mpini na kitu cha kweli kichwani. Kilikuwa kidogo: kwamba naogopa. Kwamba kila ninapoandika mbele ya watu naogopa, na mbele yake zaidi. Nilifika ukutani, nikapewa mkaa, nikaandika I get, na hapo nikasimama. Kamusi ina namna nyingi za kuogopa. Kuna hofu ya kushtuka, kuna wasiwasi, kuna woga wa mtu anayeona haya, na kila moja ina neno lake. Nilikuwa napima lipi hasa ni langu. Upande wa pili patroni alikuwa ameanza kupaka. Nilisikia brashi inakuja. Mvuvi akasema niandike tu lolote. Mama Sabuni akasema, "Andika, mutoto, chokaa haingojee." Brashi ilifika kiwikoni kwangu, patroni akasema kwa upole, "Sogea kidogo, Diksioneri," nami nikasogea.

Mwalimu alikuja akasoma maneno yangu mawili. Alisubiri kama mtu anayesubiri aliye chooni. "Bado sina cha kuuliza," alisema. Patroni akayafunika kwa chokaa. Mkono wa shati langu ulibaki mweupe mpaka kwenye bega, na nilirudi nao hivyo hivyo nyumbani nikipita mbele ya kiongozi wa kwaya.

Darasa lilibaki na Mama Sabuni. Hakubadilisha kitenzi, wala presi, wala swali, ingawa yeye anauliza, "Ni kweli ao ni bongo?", bongo yake ikiwa ni uongo. Mimi niliendelea kuja. Nilikaa juu ya pipa, nikiwa mgeni.

Mwaka huu, msimu ukiwa katikati, mwanamke anayeleta ndagala, wale dagaa wetu, kutoka Kabonga alipita dukani kwangu na kusema Mwalimu ananitaka. Alikuwa amesema waziwazi: yule Diksioneri, si mwingine. Nilifunga duka. Nilipiga shati pasi mara mbili. Njiani, juu ya pikipiki, nilitunga namna nitakavyopokea ombi lake la radhi, kwa unyenyekevu lakini bila kulikataa, na nilipofika Nyanza-Lac nilikuwa nimeshaisahihisha mara kadhaa. Nilikuwa na sentensi pia, ile ya woga, imekamilika sasa. Nilikuwa nimechagua neno.

Nilimkuta ameketi. Hilo lilinitisha kuliko kitu chochote. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni la udongo, mguu umenyooshwa, fimbo kando, na uwanjani mbele yake ndagala zilikuwa zimeanikwa, uwanja wote unang'aa fedha. Koti lilikuwa lile lile. Macho yake yalikuwa yamefifia na alinitambua kwa sauti.

"Amahoro, Mwalimu."

"Amahoro. Umevaa shati la harusi, nasikia linavyolia. Kaa."

Hakuomba radhi. Alinipa simu. Msichana kule kwenye baridi alikuwa amemwuliza hali yake, na yeye haoni tena herufi ndogo vizuri, na binti wa dada yake hajui Kiingereza. Nimwandikie. Akaanza kuniambia kwa Kiswahili: yuko vizuri, goti limepona, anatembea kila asubuhi mpaka ziwani na kurudi.

Nilimtazama goti. Lilikuwa kama tikiti.

"Mwalimu," nilisema, "ni kweli?"

Alipapasa mifuko ya koti. "Nimeita mtu anayejua kuandika sentensi nzuri zisizo za kweli," alisema. "Ninamjua mmoja tu. Yuko mbali yule mtoto, hawezi kuja, hawezi kunishika mkono. Kweli nimpe ili aifanyie nini? Andika."

Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa akifanya Jumapili nyuma ya kanisa, mkono mmoja ukifunika kioo. Na kwa hiyo nilikuwa nimeitwa kwa sababu ya madoa yangu ya njano. Nitasema ukweli: iliniuma, halafu nikaanza kuandika, na kufumba na kufumbua nilikuwa nafurahia. Nilikuwa kama niko nyumbani kwangu. Niliandika kwamba anafanya mazoezi ya kutosha, kwamba anazidi kupata nguvu siku hadi siku: I am getting stronger by the day. Niliweka mikato. Nilisoma, nikarekebisha, nikasoma tena. Ilikuwa sentensi bora kabisa niliyowahi kuiandika. Nikaituma.

Jibu lilirudi kabla sijamrudishia simu. Nilisoma kwa macho tu. Alisema nisome kwa sauti.

"Who got Grandma's phone?" nilisoma. Nani amechukua simu ya bibi?

Sikuwahi kumsikia Mwalimu akicheka hivyo. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka na kuku wakatoka jikoni. "Wamekukamata," alisema.

"Mimi? Uongo ni wako, Mwalimu."

"Uongo ni wangu. Mikato ni yako. Mikato ndiyo iliyokukamatisha." Alifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha aliacha kucheka, akabaki ameuelekezea uso uwanja wa samaki. Nilimwona anafikiri, na nilikuwa nimemwona mtu akifikiri hivyo mara nyingi, akiwa anazunguka. "Nipe hapa," alisema.

Aliileta simu mpaka puani. Alichukua muda mrefu, kidole kimoja, na safari hii mkono wa pili haukufunika kitu. Nilisoma alichoandika kikiwa kinaandikwa: It is me. I get up with stick. I get angry with stick. Ni mimi. Naamka kwa fimbo. Naikasirikia fimbo. Makosa yalikuwa pale, nikakaza vidole vyangu chini ya mapaja ili nisiyaguse. Akatuma.

Msichana alijibu kwamba huyo sasa ndiye bibi. Aliuliza habari za fimbo, ina rangi gani, bibi anaumwa wapi, tangu lini. Maswali yalikuja moja baada ya jingine, na Mwalimu alinifanya nimsomee yote, tena polepole. Halafu likaja la mwisho: na yule aliyeandika mwanzo ni nani?

Mwalimu alinirudishia simu. "Hilo si langu," alisema.

Niliishika. Nilijua jibu ninalolitoa siku zote, lile la dukani: mtu aliyejifunza mwenyewe. Lilikuwa tayari, limesafishwa, lina miaka. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye udongo miguuni pake, na nilikuwa nimekamua mafuta ya msimu mzima ili aninong'oneze neno ndiyo, na hakuna mtu anayefanya hivyo akiwa mgeni. Niliandika bila kurudi nyuma: I got her phone. I am her student. Nikatuma kabla sijaisoma. Kisha nikamsomea, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mimi ndiye niliyechukua simu. Mimi ni mwanafunzi wake.

Akanigeukia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

Akaingiza mkono mfukoni, akapapasa, akatoa kipande cha mkaa. Akanielekeza kwa kidevu ukuta wa jikoni. Nilisimama nikaandika pale maneno yale yale, chini ya paa, mahali ambapo moshi ulikuwa haujafika. Herufi za kwanza zilipinda, na neno la mwisho likakosa nafasi likashukia chini peke yake. Niliomba makapi ya chikichi nifute nianze vizuri.

"Hapa ni Kabonga," alisema. "Tuna samaki tu."